Imepokelewa, Inashughulikiwa

Vijiko vililia gizani. Vililia kidogo, trrr, kama meno ya mtu mwenye homa, vikanyamaza, kisha vikalia tena. Kulikuwa bado hakujapambazuka, na mama Chiriku, akiwa amelala ubavu, alijikuta akivihesabu bila kutaka: mara moja, mara mbili, mara tano, mara nane. Simu ilikuwa imelazwa kwenye droo ya vijiko tangu mumewe alipoapa kwamba ikitetemeka tena chini ya mto itaamkia chooni. Kuizima hakuruhusiwa. Mkuu wao wa ofisi alikwishasema karani anayezima simu ajihesabu amejizima mwenyewe.

"We baba Chiriku!" Sauti ya mama mkwe ilipenya ukuta mwembamba. "Vijiko vyenu vimeota nini leo?"

"Ni kazi ya mama Chiriku, mama. Lala."

"Kazi gani hiyo inayoamka kabla ya jogoo?"

"Si unajua? Ofisi ya maji."

"Maji yenyewe wiki ya pili hayatoki! Bomba kavu, ila barua zake zinatiririka usiku kucha."

Mume alicheka chini ya shuka. Mama Chiriku hakucheka. Alijifunga kanga, akaenda jikoni, akavuta droo. Mwanga wa simu ulimpiga usoni kama kofi. Barua pepe arobaini na moja mpya. Bomba limepasuka, nakala kwa wote. Bili si yangu, nakala kwa wote. Nani amechukua kiti cha ghorofa ya pili, nakala kwa wote. Alibandika chai kwa mkono mmoja huku kidole gumba cha mkono wa pili kikisukuma, kikisukuma, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Chiriku alitokea mlangoni na sare yake ya shule, kola imepinda. Alikaa kwenye kigoda, akatazama kikombe chake.

"Ki... ki... ki..."

"Kiatu?" mama akasema, macho kwenye simu. "Kiko chini ya kitanda, mama. Angalia upande wa ukutani."

"Ki... ki..."

"Upande wa ukutani nimesema, mwanangu. Harakisha."

Mtoto akaenda, akarudi na kiatu mkononi, akakaa. Mama alikuwa amefika barua ya thelathini.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake akiwa na siku tatu, kwa vile alilia kutwa bila kupumzika, kama yule ndege asiyefunga mdomo. Jina likatangulia, ulimi ukabaki nyuma. Sasa ana miaka minane, na neno likimfika kooni hukwama pale, likagonga na kugonga. Shuleni wenzake wanamwita Gari Bovu, kwa sababu anapiga stata lakini hawaki. Alikwisharudia darasa mara moja. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi akawaambia bila kuwapa hata kiti: "Mwisho wa mwaka kila mtoto anasoma kwa sauti mbele ya darasa. Asiyesoma anarudia. Akirudia mara ya pili, mtafuteni shule nyingine. Hapa si pa kulea."

Tegemeo lilikuwa moja. Mwalimu wa matamshi, anayefundisha watoto wenye kigugumizi, huja kwenye kliniki ya mji ule mara mbili kwa mwaka, wiki mbili kila mara, na huchukua watoto kumi na wawili tu. Bure. Mwalimu kama huyo ukimwendea kivyako, saa moja tu inameza mshahara wa siku tatu. Mama Chiriku alijaza fomu tangu msimu wa mvua. Mahali pa anwani aliandika ile ya barua pepe ya ofisini. Yake binafsi alikwishasahau nywila yake, na tena aliwaza: hii ya kazini ndiyo ninayoitazama mchana na usiku. Hapa haiwezi kunipita.

"Hiyo barua yenu ya kliniki," mama mkwe alisema akiingia jikoni na fimbo yake, "inaletwa na kobe?"

"Itakuja, mama. Naangalia kila saa."

"Naona. Unaangalia mpaka chai inamwagika."

Na kweli chai ilikuwa inamwagika.

*

Zamani pale ofisini palikuwa na dirisha la malalamiko. Mtu alikuja na bili yake, akatukana, akajibiwa, akaondoka moyo umetua. Mkuu mpya alipofika alilipigilia mbao, akabandika karatasi: Andika barua pepe. Basi watu wakaandika. Waliandika wenye hasira, wakaandika tena wakiwa na hasira ya kutojibiwa. Na ndani ya ofisi ugonjwa ukawa uleule. Ufunguo wa stoo ukipotea, watu themanini waliandikiwa, na sabini kati yao walijibu, nakala kwa wote, kwamba hawajauona.

Mkuu mwenyewe hakujibu chochote. Kila kilichomfikia alikisukuma chini kwa neno moja tu: Shughulikia. Akaitwa hivyohivyo, Shughulikia, kwa kunong'ona, hata na walinzi wa getini.

Kila Ijumaa ofisi nzima ilikusanywa, na Bwana Shughulikia alisimama mbele ya ubao ambao ulikuwa na majina ya makarani sita, na mbele ya kila jina idadi ya barua ambazo hazijasomwa.

"Mama Chiriku," alisema Ijumaa ile, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena kana kwamba tarakimu zinamdanganya. "Elfu tatu mia moja na kumi na sita. Mama, unazifuga?"

Watu wakacheka.

"Zingekuwa kuku ungeshajenga ghorofa."

Wakacheka zaidi, maana mkuu akitania hakuna asiyeona utani.

"Mheshimiwa, najitahidi kusoma kila moja kabla ya kujibu, na kila nikimaliza kumi zinaingia..."

"Sikukuuliza unavyosoma. Nimekuuliza hii namba." Aliugonga ubao kwa kalamu. "Ijumaa ijayo nikikuta imezidi mia moja, Jumatatu utabeba daftari ukasome mita mitaani. Kule hakuna barua pepe. Kuna jua na mbwa. Na mshahara wa kule unaujua."

Aliujua. Shule ya jioni aliyohudhuria miaka miwili, akipiga chapa huku mtoto amelala mgongoni, ilikuwa ni kwa ajili ya kutoka kwenye kazi ya mita.

Meza iliyopakana naye ilikuwa ya karani aliyeitwa Sifuri. Mbele ya jina lake ubaoni palikuwa na sifuri wiki zote, naye alitembea na sifuri hiyo kama mtu aliyevaa nishani.

"Dada," alimwinamia watu walipotawanyika, "hivi kweli wewe unazisoma?"

"Ndiyo kazi, kaka. Au wewe huzisomi?"

"Mvua ikinyesha, mwenye akili hahesabu matone. Anafungua mwavuli. Hebu sogea." Akakaa kwenye kiti chake bila kuombwa. "Hapa unachagua zote. Hapa unaiambia mashine, zote zimesomwa. Umeona?"

Elfu tatu mia moja na kumi na sita zikafutika kama pumzi kwenye kioo.

"Mungu wangu! Zimekwenda wapi?"

"Zipo palepale. Zimenyamaza tu. Sasa mwavuli: kila inayoingia, mashine inaipokea yenyewe na kuijibu yenyewe. Tuandike nini?" Akapiga chapa kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti ya mtangazaji: "Barua yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Asante kwa uvumilivu wako."

"Na kama ndani yake kuna ya maana?"

"Ya maana hurudi, dada. Mwenye shida ya kweli hachoki kubisha hodi."

Maneno hayo yalimtuliza. Alitaka yawe kweli, na mtu akitaka jambo liwe kweli halipimi mara mbili.

Ijumaa iliyofuata mbele ya jina lake paliandikwa sifuri. Bwana Shughulikia aliwaamuru wote wapige makofi, akamkabidhi kikombe cheupe chenye nembo ya ofisi. Alikipeleka nyumbani, akampa Chiriku awe anakinywea chai. Vijiko viliendelea kulia alfajiri, lakini sasa mama Chiriku aligeuka upande wa pili, akalala. Wiki mbili nzima alilala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

*

Baba Chiriku ni fundi majokofu. Kazi yake humwingiza popote penye baridi: kwenye bucha, hotelini, hata chumba cha maiti. Alhamisi moja aliitwa kliniki, jokofu la chanjo lilikuwa limegoma. Alirudi nyumbani jua likiwa halijazama, sanduku la vifaa begani, akaliachia sakafuni kwa kishindo ambacho kilimfanya mama yake aweke chini mboga aliyokuwa akichambua.

"Mama Chiriku."

"Abee. Mbona mapema?"

"Mwalimu wa matamshi amekuja au hajaja?"

"Bado hawajatuandikia. Nilikuwa naangalia..."

"Kesho anaondoka."

Kisu kilisimama juu ya kitunguu.

"Nimepita mlangoni kwake nikielekea kwenye jokofu," mume alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nimewasikia watoto. Mmoja anasoma, wengine wanapiga makofi. Nikamuuliza katibu pale mezani, na wa kwangu je? Akatafuta jina. Unajua alicheka? Alicheka, mama Chiriku. Akanichapishia hizi, akasema, kamwonyeshe mkeo, kompyuta yake ina adabu kuliko yeye."

Alizitoa karatasi tatu kwenye mfuko wa nyuma, zimekunjwa, zina alama ya mafuta.

"Soma."

"Baba Chiriku..."

"Wewe si ndiye msomi? Soma, mama asikie."

Alisoma. Sauti yake mwenyewe ilikwama mara mbili. Ya kwanza ilisema: Mtoto wako amepata nafasi. Tafadhali thibitisha ndani ya siku tano, ndiyo au hapana. Na chini yake: Barua yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Asante kwa uvumilivu wako.

Ya pili ilisema: Hatujaelewa jibu lako. Je, mtoto atakuja? Ndiyo au hapana? Na chini yake: Barua yako imepokelewa. Inashughulikiwa.

"Ya tatu," mume akasema.

"Nimeiona."

"Isome."

"Kwa kuwa hukuthibitisha, nafasi ya mtoto wako amepewa mwingine. Tunasikitika." Akashuka mstari wa chini. "Barua yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Asante... asante kwa uvumilivu wako."

Aliyesikika kwanza ni mama mkwe. Alianza kucheka, kicheko kikavu kisicho na furaha, hadi akakohoa.

"Ya maana hurudi," mama Chiriku alisema, kama anayejitetea mahakamani. "Niliambiwa ya maana hurudi. Zilikuwa elfu tatu, baba Chiriku. Elfu tatu! Mkuu angenipeleka kwenye mita. Ungefurahi nikienda kwenye mita?"

"Ilirudi mara tatu. Ungetaka irudi na ngoma?"

"Na wewe ulikuwa wapi? Fomu nilijaza mimi. Mwalimu mkuu akiita, naenda mimi. Kliniki ni mwendo wa dakika ishirini, miguu unayo. Umesubiri jokofu liharibike ndipo umkumbuke mwanao!"

"Uliniambia unaangalia kila saa!"

"Nilikuwa naangalia!"

"Uliangalia mashine ikimkataa mwanangu kwa heshima!"

"Nyamazeni nyote wawili," mama mkwe alisema. Alinyanyua fimbo akaielekeza kwa mkwewe. "Mimi sijui kompyuta. Sijui nywila. Lakini macho ninayo. Unakumbuka asubuhi ile chai ilipomwagika? Mtoto alikuwa anakwambia ki, ki, ki."

"Alikuwa anataka kiatu."

"Alikuwa anataka kijiko! Vijiko vyote viko kwenye ile droo ya simu yako, na wewe umesimama mbele yake kama askari wa benki. Ukamtuma kiatu, akaleta kiatu. Nilimkuta anakoroga chai kwa penseli."

Mama Chiriku alifungua mdomo.

"Usiniambie hukujua. Hukungoja ujue. Huyu naye umemfungia hiyo mashine yako: ndiyo mama, sawa mama, kiko chini ya kitanda mama. Imepokelewa! Mtoto hana kigugumizi peke yake humu ndani. Nyie wote hamna masikio."

"Mama, basi," mume alisema.

"Na wewe pia. Lini mara ya mwisho ulimwacha amalize sentensi?"

Mume alikaa juu ya sanduku la vifaa, akaanza kufuta mafuta kwenye vidole, kidole kimoja baada ya kingine.

Hakuna aliyekuwa amemwona Chiriku. Alikuwa amesimama kwenye pazia la chumbani, kikombe cheupe cha ofisi ya maji mkononi, amesikia yote tangu "kesho anaondoka". Alikiweka kikombe juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaingia ndani.

*

Asubuhi vijiko vililia, na mama Chiriku hakwenda kuvitazama. Alimvalisha mtoto sare, akainyoosha kola. Mtoto alipomtazama na midomo ikaanza kugonga, aliuma ulimi na kungoja. Ilichukua muda. Maji ya chai yalichemka, yakapungua.

"Ki... ki... kitana," mtoto akasema hatimaye.

Kumbe kitana. Asingelipata hilo hata kwa kubahatisha mara kumi. Alimchana nywele, akafunga mlango, simu akaiacha ndani ya droo iendelee kutetemeka na wenzake.

Katibu wa kliniki alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Alipotajiwa jina la mtoto alimtazama, akamtazama mama, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Aa! Imepokelewa mwenyewe amekuja."

Wazazi wengine kwenye benchi waligeuka.

"Dada yangu, nimekosa," mama Chiriku alisema. "Sikuja kubishana. Naomba hata nusu saa. Hata dakika kumi za mapumziko yake."

"Orodha imefungwa. Leo ni siku ya mwisho, saa sita anaondoka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Kuja si utaratibu. Utaratibu ni kuandika. Andika barua pepe, eleza ombi lako, mimi nitaipeleka."

"Mwalimu si yuko nyuma ya mlango huo?"

"Yuko."

"Sasa nimwandikie mtu nyuma ya mlango?"

"Kwani nyie ofisi ya maji mnatufanyaje?" Katibu aliinuka nusu, na sasa hakutabasamu tena. "Nyumbani kwangu hayatoki siku kumi na nne! Nilikuja kwenu, nikakuta dirisha limepigiliwa mbao. Nikaandika mara sita. Unajua nilijibiwa nini? Unataka nikusomee?"

Mama Chiriku hakutaka. Benchi zima lilikuwa limekwishaelewa, na mwanamume mmoja aliguna kwa kuridhika. Mama Chiriku alimpa mtoto kidole cha kushika. Pale ubaoni alichekwa na watu themanini, akavumilia. Hapa walikuwa saba, lakini saba hawa walikuwa na haki.

"Nilikujibu mimi?" aliuliza polepole.

"Sijui kama ni wewe. Halina jina. Limeandikwa inashughulikiwa."

"Basi ni mimi," alisema. "Au mwenzangu. Ni yaleyale. Mtaa wako upi? Nitakwenda mwenyewe kwa fundi wa zamu, leo hii, kwa miguu. Hata mtoto wangu asipoingia humo, nitakwenda."

Katibu akataja mtaa, kwa ukali, kama anayemtupia kitu asichoamini kitadakwa. "Na bado orodha imefungwa."

Mlango ukafunguka. Alitoka mwanamke mfupi mwenye mkoba begani na rundo la kadi za picha kifuani, funguo zinaning'inia kidoleni. Alikuwa akitembea mwendo wa mtu ambaye gari linamngoja. Alipowaona alisita.

"Na hawa?"

"Hawamo kwenye orodha, mwalimu," katibu alisema. "Ni yule wa..."

"Barua yake ya nafasi iko wapi?" Mwalimu hakumwuliza katibu wala mama. Aliinama kidogo, akamtazama Chiriku. "Wewe, mama mdogo. Hukuleta barua?"

Midomo ya mtoto ilianza kugonga.

"N... n... n..."

Maneno yote yalimjaa mama mdomoni. Alikuwa nayo kumi, ishirini, yote mazuri, yote ya kuombea. Akayabana nyuma ya meno.

"Anataka kusema..." katibu akaanza.

"Mwache," mama Chiriku alisema. "Tafadhali, dada. Mwache."

Mwanamume wa kwenye benchi aliacha kuchezesha mguu. Shingo ya mtoto ilikaza, macho yakafumba, mkono wake ukaachia kidole cha mama na kukunja ngumi. Mwalimu aliweka kadi zake juu ya meza, akaziweka na funguo pembeni, kisha akachuchumaa hadi uso wake ukawa usawa na uso wa mtoto. Hakuna aliyemsaidia.

"N... n... nimekuja mwenyewe."